Miaka 12 ya Japani: nani ana sifa ya kuomba chuo kikuu, na nani hana

Oktoba 2006, sekondari moja ya mkoa wa Toyama nchini Japani, Takaoka Minami, iliingia kwenye vichwa vya habari vya nchi nzima. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamebakiza miezi michache wamalize shule, wengi wao wakiwa wamezama kwenye maandalizi ya mitihani ya vyuo vikuu, ndipo ikagundulika kwamba hawakufundishwa historia ya dunia, ambalo lilikuwa somo la lazima. Shule ilikuwa imeliruka ili muda wake utumike kwenye masomo ambayo wanafunzi wangeyafanyia mtihani. Wiki chache baadaye shule zaidi ya 500 zilibainika kucheza mchezo uleule. Makumi ya maelfu ya vijana wakawa hatarini kukosa kuhitimu, na asiyehitimu hawezi kuingia chuo kikuu hata akiongoza mtihani. Wizara ya Elimu ikabidi itoe ahueni: wasome vipindi vya kufidia, visizidi 70, kisha waruhusiwe kuhitimu na wenzao.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo ni gumu hata kulifikiria. Ukishafaulu mtihani wa taifa umemaliza. NECTA au KNEC ikikupa cheti, hakuna atakayerudi kuuliza kama ulihudhuria vipindi vya historia. Cheti chetu kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinaonyesha kwamba umemaliza shule, na alama zake ndizo zinazokuombea nafasi chuoni. Japani kazi hizo zimetenganishwa. Kuna sifa ya kuomba, ambayo ni suala la sheria na jibu lake ni ndiyo au hapana. Halafu kuna mtihani wa kuingia, ambao ni ushindani mtupu. Anayechanganya mambo haya mawili ndiye anayekiandikia chuo barua pepe ndefu kuhusu Division One yake ya PCM, akajibiwa kwa swali fupi: ulisoma jumla ya miaka mingapi?

Swali hilo linawakera wengi, lakini ndilo lenye ufunguo wa mambo yote.

Kuhitimu bila mtihani wa taifa

Tangu mageuzi ya 1947, mtoto wa Kijapani husoma miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu. Miaka 9 ya mwanzo ni ya lazima. Sekondari ya juu si lazima kisheria, ingawa karibu kila mtoto huendelea nayo. Mwisho wake hakuna mtihani wa taifa. Mwanafunzi hukusanya krediti, kila krediti ikiwa ni vipindi 35 vya dakika 50, na anatakiwa afikishe krediti zisizopungua 74, masomo yote ya lazima yakiwemo, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Anayeamua kwamba fulani amehitimu ni mkuu wa shule yake. Hakuna baraza la mitihani, hakuna madaraja ya ufaulu, wala siku ya matokeo ambayo nchi nzima inashika simu.

Ndiyo maana vyuo vikuu vina mitihani yake. Katikati ya Januari hufanyika mtihani wa pamoja, Kyotsu Tesuto, wa siku mbili. Huu ulianza 2021 ukichukua nafasi ya ule ulioitwa Senta, uliokuwa umedumu tangu 1990. Anayetaka chuo cha taifa kama Tokyo au Kyoto huongeza mtihani wa chuo chenyewe kuanzia tarehe 25 Februari. Vyuo binafsi navyo vina yake. Ila kote huko, sharti la kukaa kwenye kiti cha mtihani ni kuwa na sifa ya kisheria, na hiyo imeandikwa kwenye kifungu cha 90 cha Sheria ya Elimu ya Shule.

Kwa ufupi kifungu hicho kinawakubali watu wa aina tatu. Wa kwanza ni aliyehitimu sekondari ya juu, au ile sekondari moja ya miaka 6 inayounganisha ngazi zote mbili. Wa pili ni aliyemaliza miaka 12 ya masomo kwa utaratibu mwingine unaotambulika. Wa tatu ni yule ambaye Waziri wa Elimu amemtambua kuwa na uwezo unaolingana na mhitimu au kumzidi. Kundi hili la tatu linaonekana dogo ukilisoma haraka, lakini kanuni ya 150 ya utekelezaji wa sheria hiyo imelipasua kuwa vipengele vingi, na humo ndimo wamo waliosoma nje ya Japani, waliosoma shule za kimataifa, walioacha shule, na wenye vipaji visivyo vya kawaida.

Kabla ya kuwafikia hao, tuzungumzie kidogo mhitimu wa kawaida. Sekondari za juu za Japani zipo za kutwa, zipo za muda maalumu ambazo nyingi hufundisha jioni, na zipo za masomo kwa njia ya posta, ambayo siku hizi maana yake ni intaneti. N High School, iliyofunguliwa Okinawa mwaka 2016, ni ya aina hii ya mwisho na wanafunzi wake wengi husoma wakiwa nyumbani kwao. Jirani anaweza kuibeza. Sheria haioni tofauti: cheti chake na cha sekondari kongwe ya Tokyo vina nguvu sawa mbele ya dirisha la udahili. Hali kadhalika mwanafunzi wa kosen, vyuo vya ufundi vinavyochukua vijana wa miaka 15 kwa kozi ya miaka 5. Akimaliza mwaka wa tatu tu, ukijumlisha na ile 9 ya mwanzo, ana 12 na anaweza kuomba chuo kikuu bila kungoja amalize kozi.

Kuna jambo la kalenda pia. Mitihani ya vyuo inafanyika Januari hadi Machi, na wanafunzi wanahitimu Machi. Maana yake wengi wanaomba wakiwa bado hawajahitimu. Shule huwapa hati ya matarajio ya kuhitimu, sotsugyo mikomi, na chuo hukubali kwa sharti kwamba ifikapo tarehe 31 Machi iwe imetimia. Isipotimia, nafasi inafutwa, na hapo ndipo wale wanafunzi wa 2006 walipopata hofu yao. Wageni nao hukutana na maneno haya kwenye fomu: “amehitimu au anatarajiwa kuhitimu kabla ya tarehe fulani”. Yasome kwa makini, kwa sababu “anatarajiwa” inahitaji barua rasmi ya mkuu wa shule, haitoshi kujieleza mwenyewe.

Walioacha shule, na waliowahi mno

Aliyeacha sekondari ya juu njiani ana mlango unaoitwa konin, mtihani wa kutambua uwezo unaolingana na mhitimu. Ulianza 2005. Kabla yake kulikuwa na daiken, uliodumu kuanzia 1951 na kuwavusha watu wengi waliokosa shule kwa umaskini wa baada ya vita. Konin hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Novemba, kwa masomo kama Kijapani, hisabati, historia, jiografia, sayansi na Kiingereza. Aliyekwisha pata krediti za somo fulani shuleni husamehewa somo hilo. Ukifaulu ukiwa na miaka 17, ufaulu wako unaanza kuhesabika ukitimiza 18.

Hapa pana tofauti ambayo hata Wajapani wengi huikosea. Aliyefaulu konin ana sifa ya kuomba chuo kikuu, lakini si mhitimu wa sekondari ya juu. Akienda kuomba kazi bila kusoma chuo, kiwango chake cha elimu kwa maandishi kinabaki sekondari ya chini, na ataongeza mstari kwenye wasifu wake kwamba amefaulu konin. Waajiri wengine huukubali mstari huo, wengine huuruka kana kwamba haupo. Sifa ya kuingia chuo na hadhi ya kuhitimu ni vitu viwili, na konin inakupa kimoja.

Upande wa pili wako waliowahi. Chuo Kikuu cha Chiba mwaka 1998 kilianza kupokea wanafunzi waliomaliza miaka miwili tu ya sekondari ya juu, wenye uwezo wa kipekee kwenye fizikia. Ilikuwa hatua kubwa kwa nchi inayopenda kila mtu apande ngazi kwa umri wake. Lakini iliacha tundu la ajabu: kijana akirukia chuo bila kuhitimu sekondari, halafu akaacha chuo kwa sababu yoyote, anarudi mtaani akiwa kwenye makaratasi mtu wa sekondari ya chini, kipaji chake na yote. Ilichukua hadi 2022 kuweka utaratibu wa kuwatambua vijana kama hao kuwa na kiwango cha mhitimu.

Shule iliyopo Tokyo lakini haipo kwenye sheria

Kama kuna sehemu ya mfumo huu inayostahili kusomwa polepole, ni hii. Kifungu cha 1 cha sheria hiyohiyo kinaorodhesha ni shule zipi hasa ni “shule”: chekechea, msingi, sekondari, shule za wenye mahitaji maalumu, kosen, vyuo vikuu. Zilizomo huitwa shule za kifungu cha kwanza. Shule nyingi za kimataifa, za Wabrazili, za Wachina na za Wakorea zilizojengwa Japani hazimo. Zimesajiliwa kama shule za aina nyingine, kundi moja na shule za udereva na za ushonaji, na baadhi hazijasajiliwa hata hivyo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Yokohama, akasoma Yokohama kuanzia darasa la kwanza hadi la kumi na mbili katika shule ya kimataifa, kisheria hakuhitimu sekondari ya juu ya Japani. Na kwa kuwa hakusoma nje ya nchi, hakumaliza miaka 12 ya nje pia. Alikuwa ananing'inia.

Kwa miaka mingi watoto hao walilazimika kupitia daiken, au kujiandikisha sekondari ya posta huku wanaendelea na shule yao, wakibeba mizigo miwili ya masomo. Vyuo vingi binafsi vilikuwa vinawapokea kwa uamuzi wao. Vyuo vya taifa ndivyo vilivyoshikilia msimamo wa kukataa.

Mwaka 2003 Wizara ilitangaza mpango wa kulegeza, na mpango wenyewe ukazua moto. Ulitaka kuzitambua shule za kimataifa zilizoidhinishwa na mashirika ya ithibati ya Marekani na Ulaya, kama WASC. Shule za Waasia, ambazo ndizo nyingi, zingebaki nje. Wakosoaji hawakuchelewa kuuliza kwa nini Mjapani aliyemtawala Mkorea kwa miaka 35 anahitaji muhuri wa Mmarekani ili aamini kwamba mtoto wa Kikorea amesoma. Septemba mwaka huo ukaja mpango mpana wenye njia tatu. Shule yenye ithibati ya kimataifa, wahitimu wake wana sifa. Shule ambayo nchi ya asili inathibitisha kuwa ni sawa na sekondari yake, kwa mfano shule za Wabrazili au shule ya Wajerumani, wahitimu wake wana sifa. Na kwa asiyeangukia popote, chuo chenyewe kiruhusiwe kumkagua mtu mmoja mmoja, mradi awe ametimiza miaka 18.

Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyobaki kwa wahitimu wa shule za Wakorea zenye uhusiano na Korea Kaskazini, kwa kuwa Japani haina uhusiano wa kidiplomasia na Pyongyang na hakuna serikali ya kuulizwa. Nionavyo mimi, ni suluhisho la kiofisi kwa tatizo la kisiasa: mtoto anaingia chuoni, na shule yake inabaki bila kutambuliwa. Lakini kipengele hicho cha ukaguzi wa mtu mmoja mmoja kiligeuka kuwa msaada kwa watu ambao hakikutungwa kwa ajili yao, wakiwemo wale ambao makaratasi yao hayaeleweki kirahisi. Tutakirudia.

Ajabu ni kwamba Mjapani mwenyewe anaweza kunaswa. Nairobi ipo shule ya Kijapani kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Kijapani, lakini inafundisha msingi na sekondari ya chini tu. Akimaliza hapo ana miaka 9. Ama arudi Japani kwa sekondari ya juu, ama aingie shule ya kimataifa hapohapo Nairobi na baadaye aombe chuo cha kwao kwa diploma ya kimataifa ya IB (International Baccalaureate), ambayo Japani imeitambua tangu 1979, au kwa A Level. Vyeti vya kumaliza sekondari vya Abitur ya Ujerumani na Baccalauréat ya Ufaransa vimo pia kwenye orodha ya Waziri.

Sasa tuhesabu miaka yetu

Kwa aliyesoma nje ya Japani, kanuni ya msingi ni fupi: awe amemaliza miaka 12 ya elimu ya shule katika nchi hiyo. Chekechea haihesabiki. Kinachohesabiwa ni urefu wa mfumo, ngazi kwa ngazi, na hapo ndipo nchi zetu zinapotofautiana.

Tanzania Bara, kwa mfumo ambao wengi wetu tumepitia, ni 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya kidato cha tano na sita. Jumla 13. Mwenye cheti cha kidato cha sita amevuka sharti kwa mwaka mzima. Lakini kidato cha nne ni 11, na 11 si 12. Zanzibar, ambako msingi ulishapunguzwa kuwa miaka 6, kidato cha sita kinaangukia 12 kamili na cha nne ni 10. Bara nako mageuzi ya sera ya elimu ya toleo la 2023 yanaipeleka elimu ya msingi kwenye miaka 6, kwa hiyo kizazi kitakachopita humo kitakuwa na 12 bila ziada.

Kenya ya 8-4-4 ilitoa 12 kamili kwa KCSE, na mfumo mpya, ukiacha ile miwili ya chekechea, ni 6-3-3, sawasawa na wa Japani. Uganda ni 7-4-2, yaani 13 kwa mwenye UACE. Rwanda ni 6-3-3. Kongo, mwenye Diplôme d'État ana 12. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili, anayemaliza ngazi ya juu kabisa ya sekondari kwao hana tatizo la miaka.

Wanaonaswa ni wa aina mbili. Kwanza, wa kidato cha nne na ndugu yake wa Cambridge mwenye IGCSE, ambayo ni mwaka wa 11. Wazazi wamelipa ada ya kutisha, mtoto ana A nane, na bado sifa hana. Awe na subira amalize A Level. Pili, anayehesabu kwa kalenda. Tuseme Juma alirudia darasa la saba, hivyo akakaa msingi miaka 8, akaongeza 4 ya sekondari. Kwa kalenda amekaa shuleni miaka 12. Kwa chuo cha Japani amemaliza mfumo wa miaka 11, kwa sababu kurudia darasa hakuongezi ngazi.

Mtandaoni utaona watu wakishauri kwamba asiyetimiza 12 aende shule ya lugha Japani akasome kozi ya maandalizi, junbi kyoiku katei, kisha aombe chuo. Njia hiyo ipo kweli, ila soma masharti yake. Iliwekwa kwa ajili ya nchi ambazo sekondari yote inaishia mwaka wa 10 au wa 11, yaani mtu amemaliza cha kwao lakini kimepungua. Kidato cha nne cha Tanzania hakimalizi sekondari yetu, kwa sababu juu yake kipo cha tano na cha sita. Zaidi ya hapo, si kila shule ya lugha ina kozi hiyo. Lazima iwe imeteuliwa na Waziri. Kwa nchi kama Peru, Urusi na Myanmar, Japani ilishaamua kuutambua mfumo wao wa miaka 11 moja kwa moja, bila kozi. Za kwetu hazihitaji upendeleo huo kwa kuwa miaka tunayo, mtu akisoma hadi juu. Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne akiniuliza, jibu langu ni lilelile: kasome cha tano na cha sita hapahapa nyumbani. Ni rahisi kuliko kulipia ada na chumba Osaka ili upate mwaka mmoja unaokosekana.

Mtahiniwa wa kujitegemea aliyefanya kidato cha sita bila kukaa shule ana swali jingine, kwa kuwa hana “miaka ya shule” ya kuonyesha. Kanuni za Japani zinawatambua pia waliofaulu mtihani wa nchi yao unaothibitisha uwezo wa kumaliza miaka 12, lakini hapo asitegemee kwamba karani wa udahili ataelewa mwenyewe. Aeleze, aambatishe, aulize. Vivyo hivyo aliyetoka kidato cha nne akaenda stashahada ya ufundi ya miaka mitatu: miaka anayo, njia yake si ya sekondari, na chuo ndicho kitakachoamua kama kinampokea kwa ukaguzi binafsi.

Na alama je? Mkenya mwenye KCSE ya D ana cheti na amemaliza miaka 12, ingawa kwao shahada inaanzia C+. Mtanzania anahitaji walau principal pass mbili kuingia chuo nyumbani. Sheria ya Japani kwenye suala la miaka haiulizi hayo, lakini vyuo vingine, hasa vyenye programu za Kiingereza, vina viwango vyao vya chini vya ufaulu, na baadhi huuliza kama cheti chako kingekuingiza chuo kikuu nchini kwako. Usichukulie kwamba kuvuka mstari wa sheria ni kuvuka mstari wa chuo.

Makaratasi

Kinachoangusha waombaji wenye sifa kamili mara nyingi ni hati. Chuo kitataka vitu viwili tofauti: cheti cha kuhitimu na orodha ya alama. Watanzania wengi wakati wa kuomba wana karatasi ya matokeo tu, cheti chenyewe hakijafika shuleni. Shule inaweza kuandika barua ya kuthibitisha kumaliza, yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, muhuri na sahihi. Iandikwe kwa Kiingereza, au iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Mkongo mwenye hati ya Kifaransa atafsiri mapema.

Majina ni balaa jingine. Cheti kinasema Mwanaidi Hamisi Ally, pasi inasema Mwanaidi H. Ali, cheti cha kuzaliwa kina la babu. Kwetu tumezoea, lakini Japani jina kwenye pasi na kwenye cheti yakipishana herufi moja unaweza kuombwa maelezo ya kisheria. Kiapo cha wakili kuhusu majina kifanywe kabla, usingoje uulizwe.

Halafu muda. Mwaka wa masomo Japani unaanza Aprili. Kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani Mei na matokeo hutoka Julai, hivyo anayelenga Aprili anakaa miezi kadhaa nyumbani. Programu zinazofundishwa kwa Kiingereza nyingi hupokea wanafunzi Septemba au Oktoba, zikiwemo zilizozaliwa na mpango wa serikali wa 2009 ulioteua vyuo 13, na za Ritsumeikan APU kule Beppu, chuo kilichofunguliwa mwaka 2000 kikiwa na wanafunzi wa kigeni kwa wingi tangu mwanzo. Mkenya anayefanya KCSE Novemba naye kalenda yake inakaa vizuri na Septemba. Anayetaka kusoma kwa Kijapani ataulizwa EJU, mtihani wa wageni ulioanza 2002 unaofanyika Juni na Novemba, na vituo vyake vya nje ya Japani viko zaidi barani Asia. Ufadhili wa Wizara ya Elimu ya Japani kupitia ubalozi una dirisha lake na mwaka mmoja wa lugha kabla ya miaka minne ya shahada. Sharti la miaka limo humo pia.

Kwa mwenye njia isiyonyooka, ule ukaguzi wa mtu mmoja mmoja una tarehe zake za mwisho, na hufungwa mapema kabla hata dirisha la maombi halijafunguliwa. Kiandikie chuo kabla hujalipa ada ya maombi, kwa kuwa hairudishwi. Barua iwe fupi. Taja kila ngazi uliyosoma, jina la shule, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, na idadi rasmi ya miaka ya ngazi hiyo nchini kwako. Chini yake andika mtihani wa mwisho uliofanya, nani aliutoa, na tarehe yako ya kuzaliwa. Kisha uliza kwa sentensi moja kama unahitaji kukaguliwa sifa kabla ya kuomba. Jibu litakapokuja lihifadhi na ulichape, kwa sababu miezi mitatu baadaye atakayefungua bahasha yako anaweza kuwa karani mwingine kabisa.